Chupa Namba Tisa

Kijiji chetu kililaumiwa kwa miaka mingi kwamba kiliharibu utafiti wa daktari wa moyo. Hata leo ukifika upande wa Kisanga ukakutana na mzee wa rika langu, atakusimulia jinsi wananchi walivyomimina dawa zote katika sufuria moja, na atacheka mpaka afute macho. Huwa nacheka naye, maana sufuria ile ilikuwepo kweli. Lakini aliyeuharibu utafiti ule ni mimi. Niliuharibu karibu wiki mbili kabla ya sufuria, peke yangu, mchana kweupe, na nimeona niseme wakati bado nina meno ya kusemea.

Nilikuwa Mganga Msaidizi wa Vijijini, cheo ambacho jina lake lilikuwa refu kuliko mafunzo yake. Watu waliniita Daktari, na mimi sikuwasahihisha. Nilikuwa na zahanati ya vyumba viwili, kabati la vidonge, sufuria ya kuchemshia sindano, na koti jeupe ambalo mke wangu alilipiga pasi kila Jumapili jioni. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Tulihamishiwa kando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi ili tupate shule, zahanati na maji ya bomba. Shule na zahanati tulivipata. Kule tulikotoka, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu, zilibaki kuta za nyumba zetu na miti ya ndimu. Miti ile hakuna aliyeihamisha, ikaendelea kuzaa kwa ajili ya nyani. Mama yangu hakukubali kuwaachia. Mara mbili kwa wiki alirudi kule mahameni na kapu, akawa analeta ndimu za kijiji kizima, na hapakuwa na mboga, uji wala chai ya kwetu ambayo haikukamuliwa ndimu.

Halafu mama akaanza kuumwa kifua. Hakusema. Mimi, daktari wa kijiji, nilikaa miezi miwili bila kujua, na sababu ilikuwa ya ajabu kidogo. Maumivu yale yalimzidi akilala chali au akisimama wima, na yalipungua akiinama mbele. Kwa hiyo mama alishinda ameinama. Alikuwa wa kwanza kufika shamba la pamoja na wa mwisho kunyanyua mgongo. Mwenyekiti wa kijiji alimtaja mbele ya wageni kutoka wilayani kama mkulima wa mfano, akataka tumuige. Alipigiwa makofi, na alipoinuka kuyapokea niliona uso wake umebadilika, nikadhani ni haya.

Aliyeniambia ukweli alikuwa shoga yake. Huyu alikuwa binti wa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge kule Rudewa, akaolewa huku kwetu, akafiwa na mume, akabaki. Wanyamwezi ni watani wetu Wasagara tangu enzi za misafara, na kwa hiyo yeye na mama hawakuwahi kuongea kistaarabu. Mama alimwambia baba yake alikuja amebeba mizigo ya watu akasahau kurudi. Yeye alimwambia mama kwamba Wasagara wangekuwa bado juu ya milima na nyani wenzao kama wapagazi hawakuwafundisha kuvaa nguo. Walitukanana hivyo asubuhi na jioni, na hakuna aliyekula bila kumpelekea mwenzake sahani. Siku hiyo alikuja zahanati, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha bila utani wowote akaniambia nimpime mama yangu kifua. Nikamuuliza amejuaje. Akasema yeye mwenyewe anaumwa hivyohivyo, na ndiyo maana siku hizi wanalima wote wawili bila kuinua mgongo.

Ndipo akaja daktari wa moyo. Alikuwa kijana kutoka mjini, mpole, mwenye miwani na gari la serikali, na alikuwa ameandika barua kwa zahanati zote za upande wetu akiomba wagonjwa wenye maumivu ya namna hiyo. Tulipata kumi na wawili kutoka kwetu na vijiji vya jirani. Aliwapima mmoja mmoja. Alipofika kwa mama alinivalisha vile vyombo vya masikioni, akaniambia nisikilize vizuri. Nikasikia chini ya mapigo ya moyo sauti nyingine, kavu, kama kamba za kitanda mtu anapogeuka. Akanieleza kwamba moyo umekaa ndani ya mfuko mwembamba, na mfuko ule ukivimba, moyo husuguana nao kila unapopiga. Nilivua vile vyombo haraka, nikajifanya naandika.

Alichokuwa anakitafuta alinieleza nje, tukiwa tumeegemea gari. Kuna chumvi zinazotokana na ukali wa ndimu, ule ukali wenyewe uliokaushwa ukawa unga mweupe. Yeye alikuwa amesoma mengi na kukisia mengi. Alisema, nakumbuka neno kwa neno sasa, ingawa wakati ule sikulikumbuka:

"Chumvi hizi ama zinautuliza uvimbe wa mfuko wa moyo, ama zinauchochea. Sijui. Ningejua nisingekuja."

Mimi nilichosikia ni kwamba zinautuliza.

Mpango wake ulikuwa hivi. Wagonjwa wote wangeendelea na vidonge vya kawaida. Juu ya hivyo, kila mmoja angepewa chupa ya kahawia kila Jumatatu, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Chupa sita zilikuwa na ile chumvi, sita zilikuwa na maji ya sukari kidogo, na zote zilikuwa na karatasi yenye namba tu. Mgonjwa asijue anakunywa nini, mimi nisijue, na hata yeye daktari asijue. Orodha ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, mjini. Nilimuuliza kwa heshima kama ladha haitawajulisha. Akatabasamu, akasema ameipunguza ukali sana, mtu wa kawaida hawezi kutofautisha.

Watu wa kawaida wenyewe walikuwa sisi. Tulikuwa tukikamulia ndimu hata kwenye maji ya kunawa. Jumatatu ya kwanza, kabla gari lake halijafika barabarani, wagonjwa wote kumi na wawili walikuwa wameonja na kujipanga wenyewe, wakali upande huu na watamu upande ule. Wakali walirudi makwao vifua mbele, kwa sababu dawa lazima iwe kali au chungu. Tamu anapewa mtoto ili anyamaze. Nilicheka sana siku hiyo. Nilimweleza mke wangu jinsi msomi mzima anavyoweza kudhani kwamba mkulima hana ulimi.

Kicheko kilikatika nilipofika kwa mama. Namba yake ilikuwa tisa, na tisa ilikuwa tamu. Shoga yake alikuwa namba nne, kali.

Sijawahi kusema uongo kuhusu nilichojisikia. Sikufikiria kuhusu sayansi wala taifa. Nilisikia tena zile kamba za kitanda masikioni mwangu, nikaona mama yangu anakunywa maji ya sukari wakati dawa ipo, na dawa yenyewe imetoka kwenye ndimu kama zile alizozibeba yeye kichwani. Nilikasirika. Niliona kama nimeonewa binafsi na ile bahasha ya mjini.

Daktari alikuwa na mazoea yaliyonisaidia. Kila Ijumaa akitoka Kilosa alipita kwangu, akaacha kasha la chupa za wiki inayofuata, kisha akateremka Mikumi kuangalia tembo mpaka Jumapili. Alipenda tembo kuliko kitu chochote. Jumatatu alirudi, akawapima wagonjwa na kugawa chupa mwenyewe. Siku mbili nzima kasha lilikuwa kwangu, juu ya kabati, na ufunguo mfukoni mwangu. Jumapili nilichemsha sindano ambazo hazikuhitaji kuchemshwa, nikashika chupa namba nne na namba tisa juu ya mvuke mpaka gundi ikalainika, nikabandua karatasi na kuzibadilisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kidonda. Nilinawa mikono baada ya hapo, nikaenda kula.

Na hapa ndipo ninapojishangaa. Mimi niliyemcheka daktari kwa kudhani wakulima hawana ulimi, nilidhani kwamba wanawake wawili wanaopelekeana sahani kila siku hawataona kwamba chupa zao zimebadilishana ladha. Kwa kweli sikuwaza hata kidogo. Jumatatu mama alipokea chupa yake, akaonja, akanitazama, akasema ahsante. Shoga yake alipokea yake, akaonja, akaniuliza kwa utani kama kijiji hakina kazi za kunipa. Nikamwambia atulie, anywe dawa.

Jumapili iliyofuata nilirudia. Mkono ulikuwa umeshazoea.

Katikati ya wiki hiyo mama alizidiwa. Nilimkuta kwake saa nne asubuhi ameinamia kinu, mikono yote miwili kwenye ukingo, na hapakuwa na kitu ndani ya kinu. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi. Nilimsikiliza kwa kutumia ule mrija wangu wa mbao wa kusikilizia wajawazito, na sauti ya kamba ilikuwa imeongezeka, au niliona imeongezeka. Hapohapo nusu ya pili ya maneno ya daktari ikanirudia: ama zinauchochea. Chupa kali ilikuwa kwenye dirisha, imebaki robo. Niliogopa kama sijawahi kuogopa tena maishani. Nilimwambia mama aiache kidogo dawa ile. Akaniuliza kwa nini, nikasema anywe tu vidonge.

Kurekebisha kulikuwa rahisi. Kasha la Ijumaa likija, nisiguse kitu, basi tisa itarudi kuwa tisa. Lakini kurudisha kulimaanisha kwamba kama ukali ule ni sumu, nampa shoga yake; na kama ni dawa, namnyang'anya mama. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini daktari alifunga ile bahasha, na kwamba hakuifunga kwa kiburi cha kisomi kama nilivyodhani. Nilielewa nikiwa nimeshachelewa.

Jumamosi kukawa na mkutano wa kijiji kwenye ghala la pembejeo. Ajenda ilikuwa palizi, lakini wagonjwa wa chupa tamu walikuwa wamefika kwa Mwenyekiti kulalamika, pamoja na ndugu zao, pamoja na majirani wasioumwa chochote. Walisema kuna ubaguzi. Kijiji kimoja, ugonjwa mmoja, vipi wengine wapewe dawa na wengine sukari? Mwenyekiti alikuwa mtu mwaminifu kwa mambo aliyofundishwa kwenye semina, na alizungumza kwa uchungu wa kweli. Alisema tuliunganisha mashamba, tukaunganisha majembe, hatukuhama kutoka kule milimani ili tuje tuanze matabaka kwenye chupa. Nilitakiwa nieleze kitaalamu. Nilisimama na koti langu, nikasema utafiti ni jambo zito lenye taratibu zake. Mtu mmoja nyuma akaniuliza taratibu hizo zinasemaje kuhusu usawa. Nikakaa.

Ndipo mama akasimama. Alishika nguzo, akainama kidogo kama desturi yake, na ghala likanyamaza kwa sababu alikuwa mkulima wa mfano.

"Zichanganywe," alisema. "Zote, kwenye chombo kimoja, kila mtu apewe sawa. Nisije nikapona kwa fungu la mwenzangu, wala yeye asije akaumwa kwa fungu langu."

Alikaa bila kunitazama. Shoga yake, pembeni yake, alikuwa anakunja na kukunjua upindo wa kanga. Azimio lilipita bila kura ya kupinga, na lilikuwa azimio pekee la mwaka ule lililotekelezwa kwa wakati. Jumatatu mchana, gari la daktari lilipotokomea tu, wagonjwa wa kwetu na wa vijiji jirani walimimina chupa zao kwenye sufuria ya kupikia wapaliliaji wa shamba la pamoja, balozi wa nyumba kumi akakoroga, na kila mmoja akajaziwa upya kwa kata. Ilibaki kidogo. Mwenyekiti akaonja kwa niaba ya wazima.

Jioni ile nilikwenda kwa mama. Alikuwa anapepeta mchele. Alizungumza nami Kisagara, jambo alilolifanya alipotaka nisijifiche nyuma ya Kiswahili changu cha ofisini.

"Ungeniuliza mimi kwanza," alisema. "Moyo ni wangu."

Nikaanza kusema kwamba niliogopa. Akasema anajua niliogopa, na kwamba na mwenzake anao watoto wanaoogopa, ila hawana ufunguo wa kabati. Nikamuuliza kama amemwambia. Aliendelea kupepeta.

Wiki zilizobaki zilikwenda hivyohivyo. Daktari alipouliza kama wamekunywa dawa, walimjibu kwa kauli moja kwamba wamekunywa, na ilikuwa kweli tupu. Mimi niliweka sahihi. Mama alitulia polepole, akaanza kusimama wima, na kazi yake shambani ikashuka mpaka Mwenyekiti akamsema kwa uvivu. Shoga yake naye alipata nafuu. Wengi walipata nafuu, mmoja wa kijiji cha pili hakupata, na kama ni vidonge, au chumvi, au sukari, au mchanganyiko wa vyote vitatu kwa usawa, mimi sijui mpaka leo.

Siku ya kumuaga daktari tulimpa kuku na soda. Alikuwa amefungua bahasha yake, na alionekana amechoka. Alisema makundi mawili yamefanana kiasi cha kushangaza. Mwenyekiti akainuka kumshukuru, na katika hotuba yake, kwa fahari kubwa, akamweleza jinsi kijiji kilivyoisahihisha dawa yake ili iendane na siasa ya nchi. Daktari aliweka soda chini. Aliuliza ilianza lini. Akaambiwa. Akanigeukia mimi, mtu wa taaluma, akaniuliza kama nilijua.

Nikasema wananchi waliamua.

Nilikuwa na nafasi ya kusema lililotangulia azimio la wananchi. Mama alikuwepo, shoga yake alikuwepo, na wote wawili waliangalia kuku. Daktari alifunga mkoba wake kwa utaratibu, akatuaga kila mmoja kwa mkono, akateremka Mikumi kwa tembo wake. Hakurudi. Miaka yote baadaye niliposikia kijiji kikilaumiwa, nilinyamaza, na kijiji kwa wema wake kikaigeuza lawama ile kuwa hadithi ya kuchekesha.

Shoga yake mama hakuniambia neno. Ila kila alipopita zahanati, nikishamwamkia na yeye ameshaitika, aliniuliza kama leo kuna sukari. Nilikuwa nacheka. Nilijiuliza anajua au anatania tu, na kwa mtani huwezi kupata jibu, maana hata akikwambia ukweli una haki ya kuukataa.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa homa, uzeeni, moyo wake ukiwa haujamsumbua tena. Tulimwosha, tukamvisha sanda, shehe akasoma, na watu wakajipanga kubeba jeneza. Likashindwa kutoka. Shoga yake, kizee sasa, alikuwa amelala chali kizingitini. Watu walianza kucheka katikati ya kilio, kwa sababu hii ni haki ya mtani kwenye msiba, kuzuia maiti mpaka wafiwa wamridhishe, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Shehe mwenyewe alisogea pembeni akasubiri. Nikauliza nimkomboe mama kwa kitu gani. Yeye akainuka akakaa, akatoa chini ya kanga chupa ya kahawia. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, lakini namba ilisomeka.

"Namba tisa," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Hii ndiyo chupa ya mama yako, alinipa mwenyewe. Daktari huyu aliibandua namba akaninywesha mimi, ili dawa yangu ampe mama yake. Leo anywe mwenyewe, ndipo nipishe."

Watu walicheka sana. Utani mzuri ule, walisema. Mnyamwezi hana adabu hata mbele ya jeneza. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Nilipiga magoti pale kizingitini, mbele ya mke wangu na wanangu na kijiji kizima, nikaipokea chupa kwa mikono miwili, nikanywa yote. Yalikuwa maji ya sukari aliyoyakoroga yeye, kidogo tu, ya kumnyamazisha mtoto. Kicheko kiliendelea mpaka nilipomaliza. Yeye hakucheka. Alipokea chupa tupu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akasogea pembeni, tukamtoa mama.